Mamlaka ya maji ikituambia tubane matumizi, tuiulize kwanza: maji yanayotoka mtamboni yanaishia wapi?

#1 Mpimamaji (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Kiangazi kikikaza, hadithi huwa ni ile ile. Bwawa linashuka, matangazo yanaanza: funga bomba unapopiga mswaki, gari lioshwe kwa ndoo, bustani imwagiliwe jioni. Watu wanabana kweli. Mgao unakuja vile vile, halafu tunaambiwa dawa ni chanzo kipya, yaani bwawa jingine au bomba refu kutoka mto wa mbali.

Sipingi kubana matumizi. Ninachopinga ni kuanzia mwishoni. Maji yaliyookolewa ni chanzo kama kisima au bwawa, na yapangwe hivyo: yatatoa lita ngapi kwa siku, kwa gharama gani, baada ya muda gani, na mpango unaweza kukwama wapi. Na sehemu kubwa ya chanzo hicho haiko bafuni kwa mwananchi. Iko chini ya barabara, mikononi mwa mamlaka yenyewe.

Mamlaka yoyote inayojiheshimu ina namba tatu: maji yaliyotoka mtamboni, maji yaliyosomwa kwenye dira za wateja, na maji yaliyolipiwa ankara. Pengo kati ya ya kwanza na ya mwisho ndilo maji yasiyoingiza mapato. Tangu 2000 Chama cha Kimataifa cha Maji kina jedwali la mizania linaloligawa pengo hilo mafungu matatu. Kuna mivujo halisi, yaani maji yaliyozama ardhini au kufurika kwenye tenki. Kuna upotevu wa kwenye karatasi: dira zilizochoka, makosa ya kusoma, maunganisho ya wizi. Na kuna maji halali yasiyotozwa, kama ya zimamoto na ya kusafishia mabomba.

Kwa nini nasisitiza mgawanyo huu? Kwa sababu ukiziba mvujo unapata maji, lakini ukibadilisha dira mbovu unapata hela. Aliyekuwa anakunywa bila dira kusoma ataendelea kunywa, tofauti ni kwamba sasa analipa (na akishaanza kulipa mara nyingi hupunguza, lakini hilo ni jambo la pili). Mamlaka inayochanganya hivi viwili itatangaza imepunguza upotevu, na bwawa litashuka kama kawaida.

Karibuni tujadili. Nitarudi na habari ya usiku wa manane, maana huko ndiko siri inakojificha.

#2 Kokiwazi

Mkuu, umeandika vizuri ila unatuzungusha. Idadi ya watu inaongezeka, mvua inapungua. Jengeni bwawa. Mengine yote ni semina na posho.

#3 Fundi_wa_Mtandao

Kokiwazi, nipo kwenye kazi hii na nakwambia bwawa jipya linamwaga maji yake kwenye mabomba yale yale. Ukiwa na ndoo yenye tundu, kupata bomba lenye kasi zaidi hakuisaidii ndoo.

Tena inakuwa mbaya zaidi. Chanzo kipya kikiingia, msukumo kwenye mtandao wa mabomba unapanda, na mivujo yote iliyokuwa inalia polepole inaanza kupiga kelele. Mita kumi za kimo cha maji ni takriban baa moja ya msukumo. Tundu lisilobadilika ukubwa, kama kwenye bomba la chuma, hutoa maji kwa kufuata kipeuo cha pili (square root) cha msukumo. Ukishusha kutoka mita 60 hadi 40, mvujo huo unapungua kama asilimia 18. Ufa kwenye bomba la plastiki ni mnyama mwingine. Msukumo ukipanda ufa unajitanua, ukishuka unajifunga, kwa hiyo punguzo lile lile la mita 20 linaweza kukata zaidi ya asilimia 40 ya mvujo. Hapo hujachimba hata shimo moja, umefunga valvu ya kupunguza msukumo kwenye mlango wa kanda (kipande kimoja cha mtandao) na basi.

Cape Town walifanya hivyo kwenye kitongoji chao cha Khayelitsha mwaka 2001. Eneo zima lilikuwa linalishwa kwa mabomba makubwa machache, na vyoo na koki za ndani zilikuwa zinavuja usiku kucha kwa sababu ya msukumo mkubwa. Walijenga chemba moja kubwa yenye valvu za kupunguza msukumo, na akiba iliyopatikana ilikuwa takriban mita za ujazo milioni 9 kwa mwaka. Hilo nalo ni bwawa, ila halina ukuta.

#4 Mpimamaji (mleta uzi)

Fundi kanirahisishia. Sasa ile ya usiku.

Saa nane hadi saa kumi usiku watu wamelala. Hakuna anayefua, hakuna anayeoga, matenki ya juu ya nyumba yameshajaa. Maji yanayoingia kwenye kanda muda huo karibu yote yanaenda kusikojulikana. Kwa hiyo mamlaka makini hukata mtandao wake vipandevipande, kila kipande kiwe na mlango mmoja au miwili ya kuingilia maji na dira kubwa mlangoni, kisha inasoma mtiririko wa usiku.

Niwape mfano wa hesabu, namba ni za kufundishia. Kanda ina nyumba 2,000 zenye watu 10,000. Kwa siku inaingiza mita za ujazo 1,300. Saa tisa usiku inaingiza mita za ujazo 30 kwa saa. Matumizi halali ya usiku, tuseme lita 2 kwa nyumba kwa saa, yanakula mita za ujazo 4. Zinabaki 26. Usizidishe kwa 24 moja kwa moja, kwa sababu mchana watu wakitumia maji msukumo unashuka na mivujo nayo inapungua. Zidisha kwa kama 20. Unapata mita za ujazo 520 kwa siku zinazopotea, yaani asilimia 40 ya yote yanayoingia. Wananchi wenyewe wanatumia lita 78 kwa mtu. Sasa niambieni, katika kanda hiyo unakwenda kumhubiria nani kuhusu mswaki?

Jambo la pili ambalo wengi hawalioni: mvujo mkubwa sio unaoiba maji mengi. Bomba kuu likipasuka, barabara inageuka mto, simu zinapigwa, wakubwa wanafika. Tuseme linamwaga lita 50,000 kwa saa na linafungwa baada ya saa 12. Umepoteza mita za ujazo 600. Sasa chukua kiungio kimoja cha bomba la nyumbani, chini ya ardhi, kinachovujisha lita 1,000 kwa saa bila kuonekana juu. Kikikaa miezi sita kabla hakijagunduliwa, umepoteza zaidi ya mita za ujazo 4,300. Mara saba ya lile lililotangazwa redioni!

Ndiyo maana muda ni kila kitu: muda wa kujua kuna mvujo, muda wa kuutafuta ulipo, na muda wa kuutengeneza. Mamlaka nyingi hujipima kwenye ule wa tatu peke yake. "Tunatengeneza ndani ya saa 24 tangu taarifa." Taarifa ya nani? Ya mpita njia.

#5 Mama_Ankara

Naomba niulize kama mteja. Kwangu maji yanatoka kwa mgao, siku zingine hakuna kabisa, lakini ankara haishuki. Majirani wanasema dira inazungushwa na upepo. Ni kweli au maneno ya mtaani?

#6 Fundi_wa_Mtandao

Dada, ni kweli kabisa. Maji yakikatwa, bomba linabaki na hewa. Maji yakirudishwa yanaisukuma ile hewa mbele, nayo inapita kwenye dira kwa kasi na kuizungusha. Unasikia bomba linakohoa na kupiga mluzi, huku dira inasoma. Ni kiasi gani inategemea na mahali nyumba ilipo: walio juu mlimani na mwisho wa laini ndio wanaopokea hewa nyingi.

Ila kuna upande wa pili ambao mteja haulalamikii. Nyumba zenye tenki huwa na valvu ya boya. Tenki likikaribia kujaa, boya linanyanyuka taratibu na kubana valvu taratibu. Dakika za mwisho, maji yanaingia kama uzi mwembamba. Dira ya kawaida ina kiwango cha chini cha kuanza kuzunguka, na uzi ule uko chini yake. Simama kando ya tenki uone mwenyewe: maji yanadondoka, ukienda kwenye dira gurudumu dogo limetulia tuli. Dira ikizeeka ndiyo inazidi kuwa kiziwi kwa mtiririko mdogo. Sasa zidisha kwa kila tenki la mji.

Mgao wenyewe ni adui wa akiba. Kila ukifunga na kufungua, mabomba yanapigwa na mshindo wa maji na viungio vinalegea. Bomba likiwa tupu, maji machafu ya mtaroni yanaingia kupitia zile zile nyufa ambazo jana zilikuwa zinatoa maji. Na watu, kwa sababu hawajui kesho itakuwaje, wanajaza kila chombo. Maji mapya yakija wanamwaga ya zamani. Mgao unapunguza muda wa kupata maji kuliko unavyopunguza maji yanayotumika.

#7 Mhasibu_Mstaafu

Nimesoma kimya kimya, sasa niingize upande ambao wahandisi hupenda kuuruka.

Asilimia ya upotevu ni kipimo kinachodanganya. Chukua mamlaka inayozalisha mita za ujazo 10,000 kwa siku, inauza 7,000, inapoteza 3,000. Upotevu asilimia 30. Ukame unakuja, wateja wanasikia wito na kubana hadi 5,000. Mivujo haijaguswa, ni ile ile 3,000. Uzalishaji sasa ni 8,000 na upotevu umekuwa asilimia 37.5. Bodi inamwita mkurugenzi na kumkaripia kwa "kuzembea", kumbe wananchi wamefanya kazi nzuri. Kinyume chake pia kipo: kiwanda kikubwa kinaunganishwa, mauzo yanapanda, asilimia inashuka, mkurugenzi anapewa cheti na mabomba yanavuja vile vile. Pima lita kwa kila unganisho kwa siku, kwa msukumo uliopo. Hapo hakuna pa kujificha.

Sasa fedha. Gharama za mamlaka ya maji kwa sehemu kubwa hazibadiliki na lita zilizouzwa. Mkopo wa mtambo unalipwa, mishahara inalipwa, mabomba yanazeeka hata yasipotumika. Kinachopungua mteja akibana ni umeme wa pampu na dawa za kutibu maji. Mapato kwa upande mwingine yanatokana na lita. Kwa hiyo mamlaka inamwomba mteja asinunue bidhaa yake, na mteja akitii, mamlaka inatikisika.

Cape Town waliliona hili waziwazi. Mwaka 2015 mji ulikuwa unatumia takriban lita milioni 1,200 kwa siku. Kufikia 2018, wakati kila mkazi amewekewa ukomo wa lita 50 kwa siku, matumizi yalishuka hadi karibu lita milioni 500. Dunia nzima iliwapigia makofi. Lakini mfuko ulitoboka, na Julai 2018 ikaongezwa tozo ya kudumu kulingana na ukubwa wa bomba la unganisho. Wananchi walihamaki, na ninawaelewa: umebana, umeogea kwenye beseni, halafu unalipishwa zaidi. Kosa halikuwa kwenye tozo. Inapaswa kuelezwa na kuandaliwa kabla ya ukame, siyo kuzuka katikati yake.

#8 Kokiwazi

Haya, sasa mnaniambia tukibana tunalipa, tusipobana tunalipa. Si nilisema jengeni bwawa?

#9 Mpimamaji (mleta uzi)

Kokiwazi ndugu yangu, nilikuwa nakungoja hapo hapo.

Sisemi bwawa lisijengwe kamwe. Nasema swali ni lini, na kwa ukubwa gani. Melbourne walipitia ukame wa miaka mingi, wakaamua kujenga mtambo mkubwa wa kuchuja maji ya bahari wenye uwezo wa lita bilioni 150 kwa mwaka. Ulikamilika Desemba 2012. Mvua ilikuwa imesharudi, mabwawa yamejaa, na mtambo ukakaa bila kuagizwa maji hadi 2017. Wateja waliendelea kuulipia muda wote huo. Wapo wanaosema ulikuwa upuuzi, wapo wanaosema ni bima, na bima huilalamikii kwa sababu nyumba haikuungua. Mimi niko katikati: bima ni sawa, lakini ukubwa wake uliamuliwa watu wakiwa na hofu, na hofu si fundi mzuri wa vipimo.

Upande wa pili angalieni Boston. Miaka ya 1980 walikuwa wanatumia zaidi ya kiwango salama cha vyanzo vyao, na mpango mezani ulikuwa kuchepusha maji ya mto Connecticut. Badala yake wakaingia kwenye kusaka mivujo, kubadilisha vifaa vya majumbani na kurekebisha dira. Matumizi yakashuka chini ya kiwango salama na hayajarudi juu. Mradi wa kuchepusha mto haukujengwa. New York nao kati ya 1994 na 1997 waliwalipa wenye nyumba kubadilisha vyoo vya zamani vinavyokula maji mengi, vikabadilishwa karibu milioni 1.3. Choo cha zamani kilikuwa kinavuta lita 13 au zaidi kila ukikivuta. Kipya lita 6. Hapo hakuna anayeombwa awe mtu mwema. Choo chenyewe kinaokoa, mwenye nyumba akiwa hata hajui.

Nadhani hili ndilo linanitofautisha na watu wa mabango. Akiba inayotegemea tabia hupatikana haraka na kupotea haraka mvua ikinyesha. Akiba inayotegemea kifaa au bomba huchelewa kuja lakini hudumu. Mpango wa maji uziandike kwenye safu tofauti. Ile ya kwanza ni ya dharura. Ya pili ndiyo unayoweza kuihesabu kama chanzo.

#10 Mjumbe_wa_Bodi

Wakuu, uzi umenikuta wakati mwafaka. Niko kwenye bodi ya mamlaka ndogo (sitaitaja) na wiki ijayo tunaletewa mpango wa miaka 25. Una kurasa nyingi, una grafu ya watu kuongezeka na grafu ya maji yanayohitajika, zinapanda pamoja kama ngazi. Mimi si mhandisi. Niulize nini ili nisionekane nimekuja kusinzia?

#11 Mpimamaji (mleta uzi)

Mjumbe, hongera kwa kuuliza kabla ya kupiga kura.

Anza na ile grafu ya mahitaji. Uliza lita kwa mtu kwa siku zimetoka wapi. Mara nyingi mpangaji huchukua maji yaliyotoka mtamboni, akagawanya kwa idadi ya watu, akapata kama lita 130, kisha akazidisha kwa watu wa miaka 25 ijayo. Kwa njia hiyo ameipandisha mivujo ya leo pamoja na watu. Kila mtoto atakayezaliwa ameshatengewa mvujo wake! Dai grafu mbili: matumizi ya wateja peke yake, na upotevu peke yake. Ya pili inatakiwa ishuke, na kila hatua ya kushuka iwe na bajeti na jina la mhusika.

Kisha uliza bwawa linatoa kiasi gani cha uhakika. Wastani wa mvua hauna kazi hapa. Watu hawanywi wastani. Kinachotakiwa ni kiasi ambacho chanzo kinaweza kutoa kila siku kukiwa na ukame mbaya kuliko ule uliowahi kurekodiwa, na kwa miaka kadhaa mfululizo. Na rekodi yenyewe ikaguliwe. Perth, Australia, mito inayolisha mabwawa yao iliingiza wastani wa lita bilioni 338 kwa mwaka kati ya 1911 na 1974. Robo karne iliyofuata wastani ulikuwa karibu nusu ya hapo. Mvua haikupungua kwa nusu, ilipungua kidogo tu. Lakini ardhi kavu hunywa kwanza, kinachobaki ndicho kinachofika bwawani. Aliyepanga kwa rekodi nzima ya karne alikuwa anapanga kwa hali ya hewa ambayo imeshaondoka.

Uliza pia kama vyanzo vinakauka pamoja. Mabwawa makubwa ya Cape Town yalikuwa sita, na kwa karatasi ni utajiri. Lakini yote yanategemea mvua za msimu mmoja wa baridi, za ukanda mmoja wa milima. Mvua zilipokosa miaka mitatu mfululizo, yote sita yalishuka. Kuwa na vyanzo vingi hakukuokoi kama vyote vinamtegemea mama mmoja.

#12 Fundi_wa_Mtandao

Ongeza hapo maji yaliyotumika. Windhoek, Namibia, wanasafisha majitaka na kuyarudisha kwenye mabomba ya kunywa tangu 1968, mtambo mpya ukafunguliwa 2002. Singapore walianza na yao 2003, ila mengi yanakwenda viwandani na mengine kwenye mabwawa. Uzuri wa chanzo hiki ni kwamba hakijui ukame: watu wakioga, kipo. Ubaya wake ni kwamba watu wakibana sana nacho kinapungua, na kinahitaji maabara isiyosinzia. Kwa mamlaka ndogo nisingeanza nacho. Ila kiwanda cha jirani kinachopozea mitambo kwa maji ya kunywa kingeweza kupewa maji hayo, mkaokoa ya kunywa.

#13 Mama_Ankara

Mnaongelea bodi na mabwawa, mimi nina la bei. Kwetu bei inapanda kadiri unavyotumia, wanasema ni kuwabana matajiri. Lakini nyumba yetu ina wapangaji familia tano na dira moja. Kila mwezi tunaangukia kwenye bei ya juu kabisa. Mwenye ghorofa lake peke yake na bustani analipa bei ya chini kuliko sisi!

#14 Mhasibu_Mstaafu

Dada umegusa penyewe. Bei ya ngazi inadhani dira moja ni familia moja. Pale ambapo maskini ndio wanaoishi wengi kwenye dira moja, ngazi inafanya kinyume cha ilichokusudia. Marekebisho yapo: kuhesabu kaya nyuma ya kila dira na kuzidisha ngazi kwa idadi hiyo, au kuweka dira ndogo kwa kila kaya. Njia ya pili ni ghali mwanzoni lakini huleta akiba pia, kwa sababu anayeona namba yake mwenyewe hubana kuliko anayegawana ankara na wengine wanne.

Na Mjumbe, kwenye bodi dai kujua wateja wakubwa ni akina nani. Karibu kila mji, wateja wachache wakubwa wanachukua sehemu nono ya maji: viwanda, hospitali, vyuo, kambi, ofisi za umma. Dira zao ziwe mpya na zikaguliwe mara kwa mara. Dira kubwa ikisoma pungufu kwa asilimia 5, ni sawa na mtaa mzima kutolipa. Ofisi za umma ndizo mara nyingi zina vyoo vinavyovuja mchana na usiku kwa sababu aliyepo pale halipi yeye.

#15 Kokiwazi

Hapo kwenye ofisi za umma nakubaliana nanyi. Sasa jambo moja. Kuna mji wowote wa watu wa kawaida, siyo Tokyo, uliofanikiwa na hii habari ya mivujo? Maana mifano yenu ni ya matajiri.

#16 Mpimamaji (mleta uzi)

Phnom Penh, Kambodia. Mwaka 1993, nchi ikiwa ndiyo inatoka vitani, mamlaka ya maji ya mji ule ilikuwa inapoteza asilimia 72 ya maji. Maji yalikuwa yanatoka saa chache tu kwa siku, na ramani za mabomba hazikuwa za kutegemewa. Akaletwa mhandisi anaitwa Ek Sonn Chan. Walianza na vitu visivyo na utukufu wowote: kupita nyumba kwa nyumba kuandika upya wateja, kumwekea kila mmoja dira, kutafuta mabomba yako wapi. Timu za usiku zikasikiliza mivujo. Wafanyakazi walioshirikiana na wezi wa maji wakaadhibiwa, waliofanya vizuri wakapewa bonasi. Wakubwa waliozoea kutolipa walikatiwa. Yeye mwenyewe amesimulia kuwa aliwahi kuelekezewa bunduki kichwani alipokwenda kufunga dira kwa jenerali. Ndani ya miaka kama kumi na tano upotevu ulishuka hadi karibu asilimia 6, maji saa 24, na mwaka 2010 wakapewa tuzo ya viwanda ya maji ya Stockholm.

Msaada wa wafadhili ulikuwepo, tena mkubwa, tusidanganyane. Lakini wapo wengi waliopata fedha kama hizo wakajenga matenki tu.

#17 Mhasibu_Mstaafu

Niongeze tahadhari ili uzi usiwe wa sifa tupu. Kadiri mnavyoziba mivujo na kubana matumizi, ndivyo unafuu wa ukame ujao unavyopungua. Mji unaotumia lita 200 kwa mtu ukiambiwa punguza robo, utapata. Mji ulioshuka hadi lita 80 ukiambiwa hivyo hivyo, unagusa usafi na afya. Kwa hiyo maji yote yaliyookolewa yasigawiwe kwa wateja wapya. Sehemu ibaki bwawani kama akiba, na iandikwe kwenye mpango kwamba ni marufuku kuiuza. Wanasiasa wataililia, jiandaeni.

Pia kuna kikomo cha kuziba. Mivujo ya kwanza ni rahisi, ya mwisho ni ghali kuliko maji yenyewe. Kusaka kuendelee hadi pale ambapo kuokoa lita moja zaidi kunagharimu kuliko kuizalisha kwa chanzo kinachofuata. Kila mamlaka ina kiwango chake. Anayewauzia asilimia moja kwa wote anauza maneno.

#18 Mjumbe_wa_Bodi

Nashukuru sana wakuu, nimeandika kurasa mbili. La mwisho: kwenye mpango wetu sehemu ya ukame ina aya moja tu, inasema "mamlaka itachukua hatua stahiki". Inatosha?

#19 Mpimamaji (mleta uzi)

Haitoshi. "Hatua stahiki" maana yake ni kikao cha dharura na kelele.

Ngazi zipangwe sasa, bwawa likiwa limejaa na watu wakiwa watulivu. Kila ngazi ifungwe kwenye kiwango cha bwawa na tarehe: nusu ya bwawa mwanzoni mwa kiangazi siyo sawa na nusu mwishoni mwake. Ngazi ya kwanza ni ya mamlaka yenyewe, isimguse mteja: shusha msukumo usiku, ongeza timu za mivujo, kagua wateja wakubwa. Ya pili izuie matumizi ya nje ya nyumba. Ya tatu iweke ukomo wa lita na bei ya ukame, ambayo wananchi wameshaiona kwenye maandishi mwaka mmoja nyuma. Hospitali, shule na vioski vya maji viandikwe mapema kuwa havikatwi. Mgao wa kufunga mabomba uwe wa mwisho kabisa, kwa sababu zote alizotoa Fundi hapo juu. Na iandikwe nani mwenye mamlaka ya kutangaza ngazi, kwa cheo, ili bwawa likifika mstari isihitajike ruhusa ya mtu aliye safarini.

#20 Mama_Ankara

Na sisi wa majumbani tusio na bodi? Mvujo wa ndani nitaujuaje?

#21 Fundi_wa_Mtandao

Usiku kabla ya kulala, funga koki zote, na kama una tenki funga valvu ya kuingilia. Nenda kwenye dira, soma namba zote pamoja na zile nyekundu. Mwambie kila mtu asiguse maji. Asubuhi soma tena kabla mtu hajaamka. Zikiwa zimesogea, mvujo uko kati ya dira na nyumba, na huo ni wako kulipia. Zisiposogea, fungua valvu ya tenki, acha lijae, kisha angalia bomba la kufurikia. Likilowa, boya limechoka. Kwa choo, tia rangi kidogo kwenye tenki lake bila kuvuta, subiri nusu saa, ukiona rangi kwenye bakuli, mpira wa chini haufungi. Ni kifaa kidogo tu, unaweza kukibadilisha mwenyewe bila kuniita.

Kama nyote mna dira moja, fanyeni wapangaji wote usiku mmoja, la sivyo mtaishia kusingiziana.